Hapa Hatujazi Finjani

Ahwaz, Februari 9, 2014

Wifi yangu Nuriya,

Nisamehe. Mwezi wa nne huu tangu kaka yako achukuliwe na sijakuandikia hata mstari mmoja. Najua umeyasikia kwa watu, na kwa watu hujui walichoona na walichoongeza. Sina udhuru mzuri. Nikishika kalamu, mtoto analia. Nikimaliza kumnyonyesha, nilichotaka kusema kimeshanitoka. Mara mbili niliumaliza ukurasa mzima nikautia motoni kwa kuwa mtu aligonga mlango. Mara ya kwanza alikuwa jirani anaomba chumvi. Chumvi! Na maji ya mabomba yetu unayajua yalivyo, angechemsha tu akaipata.

Barua hii anaibeba Mama Adnan, anakwenda kuzuru Karbala. Ameishonea ndani ya mto wake wa kulalia. Mpwa wake ataitia posta Basra. Na wewe uandike kwa njia hiyo hiyo, kwa anwani ya mpwa wake. Usinipigie simu. Ile yangu walikwenda nayo, na hii niliyoazimwa wanaisikiliza kuliko ninavyoisikiliza mimi.

Walikuja asubuhi, siku mbili baada ya lile bomba la mafuta kulipuka upande wa mashamba ya miwa. Tulikuwa tunakunywa chai. Wakaingia na viatu mpaka kwenye zulia. Wakachukua mashairi yake, yale anayoyanakili kwa mkono, wakachukua bisibisi zake za kazini, na mmoja wao akalishika dele la kahawa akaligeuza juu chini, masimbi ya chini yakamwagika.

"Hii nini?"

"Kahawa," nikamwambia.

"Ya nani?"

"Ya anayekuja."

Akaandika kwenye daftari lake: *anayekuja*. Ikasomwa mahakamani baadaye kama kitu kikubwa.

Wanasema Mijbil anampiga vita Mwenyezi Mungu. Ndilo jina la kosa. Mijbil, fundi wa pampu, ambaye jogoo wa jirani akiingia uani ananiita mimi nikamfukuze!

Kesi ilikuwa Januari 14. Wanaume wanane kwa pamoja, wote wa kwetu, hakimu mmoja. Sisi jamaa tuliwekwa nje, ng'ambo ya barabara. Mama yako alitaka kuvuka, askari akamwambia kwa Kiajemi, "Bibi, rudi nyuma." Mama hajui Kiajemi lakini kurudishwa nyuma anakujua. Akamjibu kwa Kiarabu, "Mama yako alikuwa na kazi kumbe, kukuzaa wewe usiye na haya." Yule kijana akadhani anaombewa dua, akaitikia amini. Tukacheka, wifi, pale pale barabarani tulicheka.

Nilikuwa nimeacha wali jikoni, nimemwachia dada yangu. Niliporudi ulikuwa haujakauka maji. Ndiyo muda uliowatosha kuwahukumu wanane. Wakili aliyepewa na mahakama alikutana na Mijbil mlangoni, akamuuliza, "Wewe ndiye yupi?" Wamehukumiwa kunyongwa wote. Rufaa itasikizwa mwisho wa Aprili.

Wiki iliyofuata wakawaonyesha kwenye televisheni wakikiri. Najua na huko mlipo mliona. Mijbil amekonda, amenyolewa vibaya, anasoma maneno kama mtoto wa darasa la pili. Mama akaniambia, "Nifasirie." Nikawa nafasiri neno kwa neno. Anasema walikutana kwetu kila Alhamisi. Anasema, "Nikawapokea kwa desturi yetu, nikawajazia finjani mpaka ukingoni, kisha tukapanga."

Mama akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Amewajazia?"

"Ndivyo anavyosema."

"Mpaka ukingoni?"

"Mpaka ukingoni, mama."

Mama yako alicheka mpaka akashika mbavu. Hajacheka hivyo tangu Oktoba. Akasema, "Basi hawajamvunja huyu. Kichwa chake kipo." Wewe huna haja ya kuelezwa kwa nini.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Bomba lililipuka Jumanne, saa nane mchana. Wao wenyewe wameandika hivyo kwenye karatasi ya hukumu. Jumanne hiyo saa nane wewe ulikuwa kwenye simu ya picha na sisi. Umesahau? Mijbil alikuwa anamkata binti yetu Duha nywele kwa mara ya kwanza, wewe unacheka, unamwambia atamkata sikio. Saa nzima mlizungumza. Na ulisema unarekodi ili umuonyeshe Duha akiwa bibi harusi.

Nataka barua kutoka kwako. Nenda kwa mthibitishaji wa huko, mwenye muhuri wa serikali yao, uape kwamba saa ile ndugu yako alikuwa uani kwake ameshika mkasi. Utie na hesabu ya simu kutoka kampuni yako, na hiyo video. Wakili anasema muhuri wa Ulaya unaweza kumfanya hakimu asome angalau mara moja. Iwe hapa kabla ya Aprili 20.

Na dawa ya kifua ya mtoto, ile ya kuvuta kwa pua. Vumbi la mwaka huu limezidi.

Wifi yako,
Hasna


Leeuwarden, Machi 2, 2014

Hasna mpenzi wifi yangu,

Nililia nilipoona mwandiko wako. Sikukasirika kwa kuchelewa kwako, usiseme hivyo. Mimi ndiye niliye mbali, mimi ndiye ninayelala penye joto huku ndugu yangu amelala kwenye saruji.

Dawa nimeiweka, ni mikebe mitatu. Na chokoleti za Duha, na soksi.

Jua kwamba hatujalala. Kamati yetu, sisi Waarabu wa kwetu tulio huku uhamishoni, inakutana kila Jumapili nyumbani kwa Bwana Abu Mishal, ndiye mwenyekiti, alikuwa mwalimu huko kwetu Muhammara zamani. Ni mtu wa maneno mazito. Alipoiona ile televisheni alisimama akasema, "Huyu ni simba. Anasema mbele yao, 'Nilifanya!'" Watu wote wakasimama. Mimi nilikuwa nimeuficha uso kwa aibu, wifi, nakuambia kweli, nilidhani wamemvunja. Aliposema vile nikaona labda sikuelewa. Tumefanya maandamano mbele ya ubalozi, watu sitini, kwenye mvua. Picha ya Mijbil ilikuwa kubwa kuliko mlango.

Kuhusu barua ya muhuri, nimeuliza. Hapa mambo ni ya miadi, huwezi kwenda tu ukagonga. Na Abu Mishal anashauri tusiharakishe, anasema karatasi za mahakama yao ukizijibu umezikubali. Ana mpango mkubwa zaidi, utausikia.

Nina ombi. Tupigie picha Duha na mtoto, wamevaa zile nguo zetu, wameshika picha ya baba yao. Kama Duha atakuwa analia ni bora. Magazeti ya hapa yanapenda hivyo, siyo mimi.

Ile habari ya finjani sikuielewa. Nimeitazama video ya kukiri kwake mara tano. Anasema aliwapokea wageni kwa ukarimu, basi. Ndugu yangu alikuwa mkarimu siku zote. Au mama amechoka? Mlaze apumzike, mpe maziwa.

Nakubusu, na macho ya watoto nayabusu.

Shangazi yao,
Nuriya


Ahwaz, Machi 30, 2014

Nuriya,

Dawa imefika, mikebe mitatu, Mungu akubariki. Kifua cha mtoto kimetulia. Chokoleti zilifika Basra, hapa zilifika karatasi zake. Mama Adnan anaapa ni joto. Ana alama mdomoni.

Picha ya Duha analia hutaipata. Duha halii kwa kuamriwa, na akilia mwenyewe mimi namfuta machozi, simtafutii kamera. Waambie wenye magazeti walie wao.

Sasa finjani. Nimekaa na sentensi yako siku nzima. "Aliwapokea kwa ukarimu, basi." Umekaa huko miaka mingapi? Kumi na moja? Bado unamimina kahawa au unaogea? Nitakueleza kama ninavyomueleza Duha. Mgeni akija unammiminia kidogo, kijiko kimoja, chini kabisa ya finjani. Akimaliza unammiminia tena kidogo, na tena, mpaka yeye mwenyewe aitikise finjani kuonyesha ametosheka. Kumimina kidogo maana yake: kaa, tuna muda na wewe. Ukimjazia mtu, maana yake: kunywa, inuka, toka nyumbani kwangu. Kwa baba yako palikuwa na mtu aliyejaziwa finjani mara moja, mpaka leo watoto wake hawapiti mtaa wetu.

Hakuna Mwarabu wa mto huu aliyekaribisha wenzake wa siri kwa kuwajazia finjani. Hayupo. Ama yule aliyeandika karatasi hiyo ni mtu wa mbali asiyejua tunavyoishi, ama Mijbil aliiweka mwenyewe ili sisi tukisikia tujue kwamba yote yanayotangulia na yanayofuata ni takataka. Mama anasema ameiweka mwenyewe. Mimi nasema sijui. Ningetoa jicho kujua.

Nilimweleza wakili. Akavua miwani, akanitazama kama mtu anayeambiwa ndoto. "Bibi, unataka nisimame mbele ya hakimu nizungumze habari za kahawa?" Nikamwambia, "Zungumza habari ya chochote, maana mpaka sasa hujazungumza." Akafungua droo akatoa karatasi. Akasema, "Kahawa yako nitaifanyia nini, na wenzenu wa huko nje wameshasema?"

Ni tamko la kamati yenu. Mwendesha mashtaka ameliingiza kwenye faili ya rufaa, limefasiriwa kwa Kiajemi safi. "Shujaa Mijbil, simba wa bomba, aliyewasha moto chini ya viti vya wakandamizaji." Na sahihi ya Abu Mishal chini, kubwa kuliko ya waziri.

Yaani watu waliomtesa kaka yako miezi mitano wapate ushahidi, hawakupata, ninyi mkawapelekea bure na stempu mmelipa wenyewe. Mungu awape nini tena wale? Wana Abu Mishal.

Mpe salamu zangu mwalimu huyo. Mwambie simba wake ana watoto wawili, mmoja hana meno bado. Mwambie kama anapenda sana simba wa bomba, bomba lingine lipo nyuma ya nyumba yetu, aje alilipue yeye, njia ya kuja anaijua. Maneno mazito! Mtu anayekaa penye mvua akamsifu mwenzake kwa kufa ana uzito gani?

Na picha iliyo juu ya tamko, wifi. Anacheka, amevaa joho jeupe. Begani kwake kuna mkono wenye hina. Huo mkono ni wangu. Ni picha ya harusi yetu, mmenikata mimi mkabakisha vidole. Nakala za picha hiyo zilikuwa mbili tu duniani. Moja waliichukua wale waliokuja na viatu. Nyingine ulikwenda nayo wewe.

Sikuulizi. Nakuambia tu kwamba nimeona.

Jumatano iliyopita walituruhusu tumwone, dakika kumi, kioo katikati. Mlinzi akasema tuzungumze Kiajemi tu. Mama akaniuliza amesemaje, nikamwambia, yule mlinzi akagonga meza, "Kiajemi!" Basi mama na mwanawe wakatazamana dakika kumi. Mimi nilimwambia mtoto ameota jino, uongo, sijui kwa nini nilisema hivyo. Akafurahi. Akaniuliza, "Nuriya anajua?" Sikujua anauliza unajua nini. Nikamwambia ndiyo.

Niletee barua yenye muhuri. Usimwulize mtu. Wewe peke yako ulikuwa kwenye simu ile, Abu Mishal hakuwepo. Aprili 20.

Hasna


Leeuwarden, Aprili 12, 2014

Hasna,

Nimekwenda. Jana asubuhi. Nimeapa mbele ya mwanamke mwenye miwani myekundu, amepiga muhuri mara tatu. Hesabu ya simu imo, dakika sitini na nne. Video imo kwenye kile kidude kidogo, nimekishona kwenye pindo la shuka la mtoto. Nimeituma Basra kwa njia ya haraka.

Ningeweza kwenda Machi 3. Nilikuwa na miadi Machi 3. Niliambiwa nikienda namfanya ndugu yangu kinyozi. Abu Mishal alisema hivyo mbele ya watu wote: "Watu wetu wanahitaji simba, wewe unataka kuwapa kinyozi?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Hasna. Nikarudi nyumbani nikaifuta ile miadi.

Picha niliitoa mimi. Tamko walinisomea kabla, nikasema sawa. Nilidhani mtu akisifiwa na wengi wataogopa kumgusa. Hapa ukiwa maarufu wanakuogopa. Nilisahau huko ni kinyume.

Jana baada ya muhuri nilirudi nikapika kahawa. Nikamimina. Nikajitazama mkono wangu unamimina, kikombe kikubwa kile cha hapa chenye mkono, mpaka juu kabisa, mpaka ikafurika kwenye kisahani. Miaka kumi na moja nawajazia wageni wangu wote. Hakuna aliyesema kitu, na wao wamesahau.

Sina la kuongeza. Niambie imefika.

Nuriya


Ahwaz, Mei 22, 2014

Wifi,

Imefika. Nimeichelewesha barua hii pia, lakini safari hii siombi radhi, utaona.

Rufaa waliikataa Aprili 28 bila kumwita mtu. Mei 3 nilipigiwa simu. Sauti ya mwanamume, ya adabu kabisa, akasema, "Hukumu ya mume wako imetekelezwa. Msije, hakuna cha kuchukua." Nikamuuliza amezikwa wapi. Akasema, "Mahali pazuri." Nikamwambia, "Basi ukalale huko wewe." Akakata.

Barua yako yenye mihuri mitatu ilifika Mei 6. Mama Adnan alizuiliwa mpakani siku tisa, walisema vumbi. Nilimpelekea wakili hata hivyo. Akaisoma yote, nadhani ndiyo karatasi ya kwanza aliyoisoma yote katika kesi hii, akauliza kama bado nataka iingizwe kwenye faili. Nikamwambia ndiyo, iingie. Atakayefungua faili hilo siku moja aikute juu.

Sitakuambia nimekusamehe, kwa sababu bado. Nikishakusamehe utajua, nitakuandikia. Lakini wewe ni wifi yangu, na shangazi wa watoto hawa, na hilo halina rufaa. Hutajificha. Nakukataza kufa kwa majuto huko kwenye baridi, nani atanitumia dawa?

Sasa nikusimulie. Walikataza matanga. Hakuna hema, hakuna msomaji, hakuna kitambaa cheusi mlangoni, hakuna watu zaidi ya watu wa nyumba. Basi siku ya tatu wanawake wa mtaa wakaja mmoja mmoja, kila mmoja ana sinia la bamia kichwani. Wakakaa uani wakakata bamia. Wanawake kumi na saba. Walikuwa wanalia kimya, wanakata. Bamia zimekatwa kwetu siku hiyo ambazo Ahwaz nzima ingekula.

Saa nne asubuhi akaja Sheikh Zamil. Unamkumbuka, yule anayevaa joho hata akienda kununua mkate, anayewabusu mabega wakubwa wa serikali. Alikuwa anakuja kwetu Alhamisi kunywa kahawa ya kaka yako, sasa tunajua alikuwa anahesabu vichwa. Nyuma yake mtu wa usalama, wanamwita Haji, pete ya akiki kidoleni, na dereva wao. Safari hii walivua viatu. Nikajua wameridhika.

Haji akatazama uani. "Hawa wote wanafanya nini?"

Nikamfasiria mama. Mama akasema, "Mwambie wanakata bamia."

"Bamia zote hizi?"

"Mwambie tuna njaa."

Sheikh Zamil akaingilia, sauti ya asali, "Binti yangu Hasna, Haji amekuja kwa wema. Anataka kuhakikisha tu kwamba..."

"Mimi siyo binti yako, sheikh. Baba yangu alikuwa maskini lakini alikuwa akiingia nyumbani kwa mtu anajua amefuata nini."

Haji akaketi, akanipa karatasi ya kutia sahihi kwamba hapatakuwa na mkusanyiko. Nikasoma, nikatia sahihi. Ulitaka nifanyeje, nina watoto. Kisha nikasema, "Karibuni kahawa."

Mama akaniangalia. Nilikwenda jikoni nikaipika vizuri, nikatia iliki, sikuharakisha. Nikatoka na dele mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia, kama alivyokuwa akifanya Mijbil. Nikammiminia Haji. Nikamimina mpaka katikati, sikuacha. Mpaka juu. Mpaka ukingoni, ikasimama pale inatetemeka. Nikamimina ya dereva vivyo hivyo. Uani visu vya bamia vikanyamaza. Vyote kumi na saba, wifi, mara moja.

Nikafika kwa sheikh. Alikuwa ameshaona. Uso wake ulikuwa kama unga wa dengu. Akasema kwa Kiarabu, polepole, "Hasna, mche Mungu." Nikamjazia. Ikamwagikia kidogo kidoleni, na ilikuwa ya moto.

Haji akanywa, akafurahi. "Ahsante dada. Watu wa hapa kwa ukarimu mmezidi." Akamgeukia sheikh. "Kunywa, sheikh! Unaogopa kahawa?"

Angefanya nini? Akimweleza, itabidi amwambie kwamba yeye, Sheikh Zamil, mkubwa wa watu wake, amefukuzwa na mwanamke anayenyonyesha mbele ya wakata bamia. Akanywa. Nikasikia meno yake yakigonga finjani.

Kisha Haji akasema neno. Alisema kwa wema, nadhani alitaka kunifariji, na ndiyo maana nakuandikia barua hii ndefu. Akasema, "Desturi hii mume wako ndiye aliyenifundisha."

Nikamuuliza, "Vipi?"

"Nilikuwa naandika maelezo yake. Nikamwambia, tuweke kidogo ya kienyeji, watu waone ni kweli. Ninyi mnawapokeaje wageni? Akafikiri, akaniambia, mgeni wa heshima kwetu tunamjazia finjani mpaka ukingoni. Andika hivyo hivyo, akaniambia, usisahau ukingoni. Nikaandika." Akainua finjani yake tupu. "Kumbe kweli."

Mama akaniuliza anasema nini. Nikamfasiria, neno kwa neno, wanaume hao wamekaa pale. Hakulia. Aliketi wima. Akasema, "Nilikuambia." Kisha akamtazama Haji akamwambia kwa Kiarabu, taratibu kabisa, anatabasamu, "Amekuandikisha wewe mwenyewe, punda, na umepiga chapa." Haji akaitikia amini. Sijui nani huwafundisha kwamba mwanamke mzee akisema Kiarabu anaomba dua.

Walipotoka, mama alizichukua zile finjani tatu akaenda nazo nyuma ya nyumba, nikasikia zinavunjika moja moja. Hazitanywewa tena na mtu.

Kwa hiyo sasa najua, Nuriya, na wewe ujue. Miezi saba walikuwa na mwili wake na hawakuwa na kichwa chake. Aliketi mbele ya kamera yao, akawasomea maneno yao, na katikati akatuambia sisi: msiamini, na hawa wafukuzeni. Alituambia mbele ya nchi nzima, na nchi nzima ya Kiajemi haikusikia. Aliponiuliza kwenye kile kioo, "Nuriya anajua?", ndilo hilo alilokuwa anauliza. Nilimjibu ndiyo. Sasa isiwe uongo.

Mwambie Abu Mishal hakuwa simba. Alikuwa fundi wa pampu na kinyozi mbaya. Mwambie ndiye aliyewashinda.

Mtoto ameota jino, kweli safari hii. Duha anauliza kama nywele zake zikatwe au ziachwe. Nimemwambia ziachwe kwanza.

Alhamisi watu wameanza kuja tena. Wachache, wanaume watatu wanne, wananywa wanaondoka. Mimi ndiye ninayemimina. Kuna waliogeuza uso mwanamke kumimina, wakageuzwa uso na mama yako.

Bado nahitaji haya, na usitie kingine, mzigo ukiwa mkubwa wanaufungua:

Dawa ya kifua, mikebe miwili.

Viatu vya Duha, namba ishirini na saba, vya kufunga kwa kamba, visiwe na taa wala kelele.

Barua nyingine, siyo ya muhuri. Kwa mkono wako, kwa Kiarabu, yenye jina lako lote, kwamba tamko lile lilikuwa la uongo na wewe ulijua. Itangaze huko kwanza, kisha nitumie nakala.

Picha ya harusi, nzima, na mimi nimo.

Video ya nywele, kopi nyingine, ile moja nimeificha na sithubutu kuitoa. Yote, usikate pale anapoulaani mkasi.

Finjani tatu. Ndogo, zisizo na mkono.

Hasna